Betri ya Mtu Mzima

Harufu ilianza kama mzaha. Asubuhi ya Jumapili mke wa Kilomita alikuwa akianika nguo uani, akasikia harufu ya yai viza, akaanza kumtafuta kuku. Nyumba ile haikuwa na kuku hata wa kusingiziwa. Akafuata pua yake, na pua ikampeleka moja kwa moja hadi mlangoni kwa mama mkwe.

Mama mkwe hakuishi ndani ya nyumba. Aliishi nyuma yake, kwenye karavani, kijumba cha bati chenye magurudumu, dirisha moja kila upande na mlango mwembamba ambao mtu mnene huupita kwa ubavu. Zamani malori ya kampuni ya barabara yalikuwa yakiikokota kutoka kambi hadi kambi. Sasa ilikuwa imekaa juu ya matofali, na matairi yake yalikuwa yamepasuka kwa jua. Mtaa mzima ulimwita mwenye karavani Mama Greda, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa dereva wa greda, ile mashine ndefu inayosawazisha barabara. Mwanawe wa pekee alizaliwa humo humo, kambi ikiwa karibu na jiwe la kilomita ambalo namba yake baba mtu hakuisahau mpaka anakufa, na jina la Kilomita likamganda mtoto. Mara ngapi Kilomita na mkewe walikuwa wamembembeleza mama ahamie chumba cha ndani? Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi nimezoea nyumba inayojua kuondoka." Nyumba yenyewe haikuwa imeondoka popote tangu Kilomita aanze kuota ndevu, lakini nani angembishia?

"Mama! Mama, umo?"

"Nimo. Nitakuwa wapi?"

Alimkuta amekaa kitandani, macho yamemwiva, machozi yanamtiririka, leso kaibana puani. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Chini ya kitanda kitu kilikuwa kinachemka polepole, kama birika lililosahauliwa jikoni.

"Ni mafua tu," Mama Greda alisema. "Na kichwa kidogo."

"Mafua gani yanayonuka, mama? Hebu inuka."

"Nimalizie taarifa ya habari."

"Taarifa utaisikilizia nje." Akamshika kwapani, akamtoa nusu kwa kumwongoza, nusu kwa kumbeba, redio ikabaki inaongea peke yake. Alipompatia kiti kwenye hewa ndipo alipopaza sauti: "Baba Kasuku! Njoo uone betri yako!"

Kilomita alikuja mbio na taulo begani. Alikuwa kinyozi, na hata siku ya mapumziko taulo halikumwacha. Alichungulia chini ya kitanda, akatoka, akapanda juu ya paa na blanketi, akaifunika ile paneli ya sola isipate jua. Kisha akarudi ndani akachomoa nyaya na kuyafungua madirisha yote. Betri ilikuwa imevimba mbavu zote mbili, na kwenye sakafu kulikuwa na maji makali yaliyokwishaanza kula zulia.

"Uliniambia ni mpya," mkewe alisema.

"Ni mpya."

"Mpya gani inakojoa?"

Mke wa Kilomita alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani huijua nguo iliyogeuzwa hata ikipigwa pasi. Betri ilipopoa na kutolewa uani, aliinama akaichokonoa lebo kwa ukucha. Lebo ikabanduka. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine iliyofifia, na chini ya hiyo kulikuwa na uchafu wa miaka. Akamtazama mumewe, na mumewe akaanza kujifuta jasho kwa lile taulo.

"Ilifufuliwa," Kilomita alikiri. "Kuna jamaa pale gereji anazifufua, anabadilisha maji, anapaka rangi. Kila mtu ananunua kwake."

"Aliyefufuka anatakiwa apumzike, siyo apewe kazi. Na ukaiweka chini ya kitanda cha mama yako!"

"Mngeniacha na ile ya zamani," Mama Greda alisema kutoka kitini, leso bado mkononi. "Au mnunue ya lori. Betri ya marehemu ilikuwa ya lori, ilikaa nasi miaka na miaka, haikuvimba wala haikunuka. Siku hizi mnanunua makopo."

Mke wa Kilomita alimpenda mama mkwe wake, na ndiyo sababu alisema kile alichosema. "Mama hutalala tena humo mpaka ipatikane betri salama. Kama haipatikani, na karavani yenyewe iondoke. Yule mama wa soda ameiulizia mara ngapi? Anataka kuifanya kibanda. Mimi sitaki kuja kukuta maiti hapa kwa sababu ya taa mbili na redio."

Mama Greda aliitazama karavani yake ikiwa imeachwa wazi pande zote, pazia linapeperuka, kitanda hakijatandikwa, na akaona aibu kama mtu aliyefunuliwa nguo mbele za watu.

*

Duka la betri ambako Kilomita na mama yake walikwenda mchana ule ule lilikuwa jembamba, lenye rafu hadi darini. Mama Greda alikuwa amevaa viatu vyake vya sherehe. Mwenye duka, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni, aliwauliza maswali kama daktari.

"Betri itafanya kazi gani?"

"Taa mbili," Mama Greda alijibu mwenyewe. "Redio. Feni ndogo wakati wa joto. Na simu, ila simu haili sana, hakuna anayenipigia."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka, na yeye akacheka nao. Alifurahi kuwa dukani.

"Na mlikuwa mnatumia ipi?"

Kilomita alikohoa. "Ya gari."

"Imewekwa nje?"

"Chini ya kitanda."

Wale wateja wakaacha kucheka. Mwenye duka akavaa miwani kumwona vizuri. "Kaka, betri ya gari ni mtu wa hasira. Inatoa nguvu zote kwa mpigo, injini ikawaka, basi, inaanza kulishwa upya. Ukiipa kazi ya taa jioni nzima, ikalala, ukaiamsha, ikalala tena, haimalizi mwaka. Na ikichajiwa kupita kiasi inatoa hewa mbaya. Hewa hiyo inaumiza macho, inaumiza kifua, na cheche moja tu inawasha moto. Kidhibiti chaji mnacho? Kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri?"

"Kilikuwepo," Kilomita alisema. "Kiliungua."

"Mkaunga moja kwa moja."

"Tukaunga moja kwa moja."

Mwenye duka alivuta pumzi, akashusha betri tatu kwenye kaunta. Hii ya maji, bei yake nafuu, lakini ya kuongezwa maji kila mara, na mahali pake ni nje. Hii kavu, imezibwa, haimwagiki, ila usiikamue kupita nusu, ukiitunza itakupa miaka kadhaa. Na hii ya tatu, lithiamu, akaiinua kwa mkono mmoja kuwaonyesha wepesi wake. "Hii ina akili yake ndani. Ikijaa inajikata, ikipata joto inajikata. Taa, redio, feni, itavibeba vyote. Na inadumu. Miaka kumi, hata zaidi."

"Miaka kumi!" Mama Greda alisema, akaigusa kwa kidole.

Kilomita alikuwa amekwisha kuona bei. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi kwa kalamu nene, na baada ya kuisoma hakuitazama tena. Mama yake alikuwa amegeukia upande wa kurunzi, anazibonyeza moja moja. Kilomita akainama juu ya kaunta, akashusha sauti.

"Dada, sikia. Ya miaka mingi hivyo haina haja. Ni ya mama tu, mtu mzima. Ya muda mfupi inatosha."

Duka lile halikuwa na mahali pa kunong'onea. Mwenye duka aliinua kichwa. Alitazama nyuma ya Kilomita, kwa Mama Greda, na Mama Greda alikuwa ameacha kubonyeza kurunzi. Tuseme kweli, Kilomita hakumtakia mama yake mabaya. Alikuwa anaikwepa bei, basi, kwa kuwa aliona haya kusema hana. Lakini ulimi hauna mfupa, na mbele ya watu wale wawili na mwenye duka aliuficha umaskini wake nyuma ya uzee wa mama yake.

"Asante kwa maelezo, mwanangu," Mama Greda alimwambia mwenye duka. Akairudisha kurunzi mahali pake, akaigeuza iangalie upande ule ule iliokuwa ikiangalia, akatoka.

Kilomita alimfuata barabarani. "Mama, mbona tunaondoka? Hatujachukua kitu."

"Nimechoka," Mama Greda alisema. "Mtu mzima huchoka."

*

Jioni ile ile alihamia ndani bila kubembelezwa. Alibeba mto, redio, na mfuko wa dawa, akaingia chumba cha wajukuu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Kasuku. Kasuku alikuwa mtoto wa miaka kumi aliyepewa jina hilo kwa haki, na akashushiwa godoro sakafuni karibu na mdogo wake.

"Karavani muuze," Mama Greda alimwambia mkwewe. "Mimi na magurudumu tumemalizana."

"Mama, nani amekuudhi?"

"Nani aniudhi mtu mzima?"

Mke wa Kilomita alimgeukia mumewe, na mumewe akasema wateja wanamsubiri kibandani, ingawa ilikuwa siku ya mapumziko na giza lilikuwa limekaribia.

Kila mtu alikuwa mwema kwake humo ndani, na wema huo ndio uliomchosha. Chai ililetwa kabla hajaitaka. Akikohoa, watu watatu waliuliza kama yuko salama. Redio aliizima mwenyewe kwa sababu watoto walikuwa na mazoezi ya shule. Kufungua dirisha ilibidi aulize kama kuna mtu anayesikia baridi, yeye ambaye kule kwake alifungua na kufunga kama waziri. Alipoamka alfajiri, kama alivyoamka maisha yake yote, hakuwa na mahali pa kuweka miguu bila kukanyaga mtoto. Akakaa hivyo hivyo kitandani, mikono magotini, akisubiri nyumba iamke.

Kati ya wiki mama wa soda alikuja na kamba ya kupimia. Mama Greda alikuwa barazani anachambua mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupima?"

"Nimeambiwa niangalie tu." Akaizunguka karavani mara mbili, akagonga bati kwa vidole kusikiliza kutu, akaingia, akatoka. Alikuwa mwanamke mchangamfu, hakuwa na nia mbaya na mtu. "Hapa pazuri," alisema, akionyesha ubavu wa karavani kwa kiganja. "Hapa nitatoboa dirisha la kuuzia. Jua halifiki, soda hazitapata moto."

Ubavu ule ulikuwa ndio ule ambao Mama Greda aliulalia kichwa tangu alipoolewa. Akasema, "Ndiyo, hapo jua halifiki," akaendelea kuchambua mboga, akachanganya zilizochambuliwa na ambazo hazijachambuliwa, akaanza upya.

*

Jumamosi umeme ulikatika mtaa mzima mara tu baada ya jua kuzama. Siku kama hizo, siku zote, karavani ndiyo ilikuwa ikibaki na taa, na watoto walikimbilia kwa bibi yao na madaftari. Safari hii hata huko kulikuwa giza. Mke wa Kilomita aliwasha mshumaa mmoja sebuleni, na wote wakakusanyika hapo, isipokuwa Kilomita aliyekaa kizingitini, kisogo kwa watu wake. Tangu siku ya duka alikuwa akikaa vizingitini.

"Bibi," Kasuku aliuliza, "kule kambini mlikuwa na umeme?"

"Tulikuwa na babu yako."

"Babu siyo umeme."

"Wewe hukumjua." Mama Greda akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile. "Kambi nzima walikuwa wanawasha vibatari. Sisi tulikuwa na taa ya kweli. Babu yako akishazima greda jioni, anafungua betri yake, ile ya aina ya lori, anatandika gunia begani, anaipandisha, anakuja nayo. Betri za mashine si mchezo, watu wengine walikuwa wanazibeba wawili wawili. Yeye peke yake. Mashati yake yote yalikuwa na matundu begani, yale maji makali yanapita gunia yanakula kitambaa. Kila mwisho wa mwezi mimi kazi yangu viraka. Nilikuwa nazijua hatua zake akiwa na betri, nzito namna hii: du, du, du. Nikizisikia tu, namwekea maji ya kuoga."

"Halafu asubuhi?"

"Asubuhi anairudisha. Greda ingewaka na nini?"

Kilomita akageuza kichwa kizingitini. "Kila siku, mama?"

Alikuwa hajamsemesha moja kwa moja tangu walipotoka dukani. Lakini hadithi ilikuwa tamu mdomoni kuliko hasira, na Mama Greda akaendelea.

"Kila siku. Kampuni ilikataza, lakini mnyapara wetu alikuwa akimwona anapita, anageukia upande mwingine. Sharti lilikuwa moja tu: asubuhi greda iwake. Ndiyo maana baba yako alikuwa haruhusu betri ilale. Taa ikianza tu kuwa ya njano, anazima. Mimi nashona, anazima. Nakula, anazima. Basi tunakaa gizani tunapiga soga mpaka usingizi utuchukue. Mambo yote ya maana niliyoambiwa maishani, nafikiri niliambiwa gizani. Kwamba ananipenda, gizani. Kwamba mama yake amefariki, gizani. Kwamba akistaafu ataiomba kampuni ituuzie hii karavani kwa bei ya chuma chakavu ili tusije tukamlipa mtu kodi hata siku moja, hilo pia gizani." Alivuta pumzi. "Nilikuwa natamani jioni, nyie. Kutwa nzima vumbi, kelele za mashine, lakini najua jioni itakuja na zile hatua. Ningerudishiwa wiki moja tu ya zile jioni, nisingeomba kitu kingine."

Mshumaa ulikuwa unalia nta. Hata Kasuku alikuwa amenyamaza, jambo ambalo mama yake alilishukuru kimoyomoyo.

"Betri haikulala hata mara moja?" Kilomita aliuliza.

"Mara moja. Siku uliyozaliwa wewe." Akamtazama mwanawe kizingitini. "Uchungu ulinishika jioni. Mke wa mpishi wa kambi akaja kunisaidia. Taa ikaanza kuwa ya njano, nikamwambia baba yako, 'Zima.' Akasema, 'Sizimi.' Nikamwambia, 'Kesho utafukuzwa.' Akasema, 'Mwanangu hazaliwi gizani.' Ikawaka mpaka ukatoka, ikawaka anakutazama, ikafia hapo hapo anakutazama. Asubuhi greda ikagoma. Watu wote wamesimama barabarani hawana kazi, wanasubiri lori lije kuigawia moto. Mkubwa wa kampuni akamfokea mbele ya kambi nzima kama mtoto, akamkata mshahara. Na yeye anacheka. Nilimwona kwa dirisha, anafokewa na anacheka. Anawaambia watu, 'Nimepata mtoto.'"

Kilomita alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Alikuwa amesikia mara nyingi kwamba alizaliwa barabarani, na hakuwahi kusikia kwamba kuzaliwa kwake kulimgharimu mtu mshahara wake na kufokewa hadharani. Alimwona baba yake pale barabarani, mikono nyuma, anacheka. Akajiona na yeye mwenyewe, ameinama juu ya kaunta.

"Mama," alisema, "haikudumu kwa sababu ilikuwa ya lori. Ilikuwa inashibishwa na greda kutwa, kila siku, na hakuiacha ilale. Betri yoyote ingedumu hivyo. Ni yeye."

Midomo ya Mama Greda ilicheza kama ya mtu anayejumlisha.

"Miaka yote hii," alisema hatimaye, "nimekuwa nikiisifu betri."

Mke wa Kilomita akainuka kutafuta mshumaa mwingine, maana ule wa kwanza ulikuwa unakwisha, na kwa sababu hakutaka watoto wamwone uso.

*

Kibanda cha Kilomita cha kunyolea kilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia: kiti cha chuma kinachozunguka, kinapanda, kinashuka, na kulala nyuma mpaka mteja anasinzia. Alikinunua alipokuwa bado hajaoa. Jumatatu alikiuza kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa akikitamani kwa miaka na ambaye, wakati wanakivusha, alimfanya Kilomita ashike upande mzito. Mchana wateja wakakuta kiti cha mbao.

"Kinyozi, siku hizi tunanyolewa darasani?"

"Kaa wima," Kilomita alisema, "nisikukate sikio."

Mama wa soda aliambiwa biashara imeghairiwa. Alinuna, akasema ameshanunua rangi. Mke wa Kilomita akamwomba radhi na kumwahidi kumshonea aproni mbili bure.

Mwenye duka la betri alimkumbuka Kilomita mara alipoingia. Hakuvaa miwani. "Ya muda mfupi?" aliuliza, na kwenye swali lake kulikuwa na mwiba.

"Ya muda mrefu, dada. Ile nyepesi. Na kidhibiti chaji chake, na fyuzi. Lakini hela niliyo nayo haitoshi yote. Iliyobaki nitaleta kidogo kidogo, nanyoa pale karibu na gereji, mtu yeyote atakuonyesha." Wateja walikuwepo, na wote walisikia. Masikio yaliwaka moto, lakini alishangaa kwamba hakuna lililotokea. Mtu mmoja alikuwa anachagua balbu, akaendelea kuchagua balbu.

Mwenye duka alimtazama kwa muda. "Chini ya kitanda?"

"Nje. Nimetengeneza sanduku, lina matundu ya hewa."

"Basi ilete hapa ile iliyovimba, madini yake ya risasi yana bei. Tutaikata kwenye deni."

Alasiri yote alifanya kazi, na mkewe akimshikia nyaya na kumkosoa. Sanduku likafungwa nyuma ya karavani upande wa kivuli, fyuzi ikakaa karibu na betri, kidhibiti kikapigwa misumari ukutani kikawasha kitaa chake cha kijani. Zulia lililoliwa lilitolewa. Jua lilipoinama Kilomita alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha watoto, akachukua mto na redio, akasimama.

"Mama, twende kwako."

Mama Greda alikwenda. Alipanda ngazi zake mbili, akawasha taa, akazima, akawasha. Akakaa kitandani akapitisha kiganja juu ya shuka. Kilomita alibaki mlangoni, bisibisi mkononi.

"Mama, lile neno la dukani."

"Lipi?"

"Unalijua, mama."

"Niambie. Nataka kulisikia nikiwa nimekaa."

Alijaribu mara mbili. "Nilisema ya muda mfupi inatosha."

"Kwa nini ulisema?"

"Sikuwa na hela. Nikaona haya."

"Ungesema huna hela, ningekuja kusimama na wewe pale kaunta, na mimi ningesema sina. Umaskini si mgeni kwetu, tumelala nao humu kabla hujazaliwa. Lakini wewe uliona heri watu wajue kwamba mimi nakaribia kufa kuliko wajue kwamba wewe huna."

Kilomita alikuwa na mvi kwenye ndevu, na alilia hivyo hivyo mlangoni, akijifuta kwa mkono wenye bisibisi. "Nisamehe, mama."

Mama Greda hakusema amesamehe. Aliitazama taa. Ilikuwa nyeupe, imetulia, haina dalili ya kuwa njano.

"Yule dada alisema miaka mingapi?"

"Kumi. Hata zaidi."

"Kumi." Akainua macho akalikagua dari, halafu pembe, halafu mlango, kama mtu anayeonyeshwa chumba cha kupanga. "Basi hili bati la juu ya kitanda halifiki. Sasa hivi tu linavuja, sembuse miaka kumi. Ulete jipya. Na hii ngazi ya chini imeoza, siku moja itanivunja nyonga. Mkeo anishonee pazia, lakini kitambaa kizito, siyo vile vyembamba vinavyofifia mwaka mmoja."

"Sawa, mama."

"Na hapo nje upande wa jua, nataka mlimau. Unazaa baada ya muda gani?"

"Miaka mitatu. Minne."

Mama Greda alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali hesabu hiyo.

"Uupande kesho," alisema. "Usinicheleweshe."